Kipupwe cha Brashi za Meno

Jumamosi, 27 Mei 1950

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa reli, na kila jioni aliandika alichofanya mchana, hata kama ni kukata kucha. Nilikuwa namcheka. Leo nimechukua daftari lake lililobaki tupu kwa kuwa nina la kusema, na binti yangu Maua amechoka kunisikiliza.

Stesheni ya Tabora kulikuwa na mnada wa mizigo isiyo na wenyewe. Nilikwenda kutafuta vitana vya duka. Kasha moja lebo yake ilikuwa imeloa, haisomeki. Nikalitikisa, likalia kama vitana. Mwanamume mmoja akaniuliza mbele za watu, "Mjane anatafuta nini kwenye mizigo ya reli?" Nikamjibu, "Unachotafuta wewe, ila mimi nina pa kukiuza." Na kweli ninapo. Shemeji zangu walipoichukua nyumba ya Gongoni nilitoka na kikaango kimoja na mtoto mgongoni. Duka hili la Kanyenye limetoka ndani ya kikaango kile, na hakuna hata mmoja aliyenishika mkono.

Nimelifungua. Si vitana. Ni miswaki ya kizungu, hizo wanazoita brashi za meno, dazani kumi na mbili kamili. Nyingine zina mpini wa mfupa, wa manjano kidogo kama jino la mzee. Nyingine zina mpini wa rangi kama peremende, nyekundu, kijani, buluu. Nani atanunua kijiti chenye nywele wakati mswaki wa mti unaletwa mlangoni?

Jumapili, 28 Mei

Anselm, karani wa bohari ya mizigo, alipita akitoka misani. Nikamwomba anisomee maandishi yaliyochongwa kwenye mpini.

"Yanasema nywele safi, Mama Maua."

"Za nani?"

"Hayakusema za nani. Yamesema safi."

Akaenda zake kunywa chai.

Alhamisi, 1 Juni

Veneranda wa Ntalikwa ameleta mafungu ya mswaki kama kila Alhamisi. Yeye ni mkulima, Mkatoliki, na ana meno ambayo kifuniko cha chupa kikiyaona kinafunguka chenyewe. Miti yake ni ya porini kwao. Ule mswaki wenyewe, unaowasha ulimi, hutoka Ugogo. Babu yangu aliyekuwa mpagazi wa misafara alikuwa akiununua njiani na kuuchomeka kwenye mzigo wa pembe mpaka hapa. Meno ya mji huu yamesuguliwa kwa kijiti tangu mji haujawa mji. Nikamwonyesha brashi.

"Hii ya kusugulia nini?"

"Meno."

"Ya nani?"

"Yako wewe."

"Yangu yana kazi, dada. Hayana nafasi ya kuchanwa."

Alipoondoka nikaijaribu, kwa chumvi na majivu ya mkaa. Ufizi umetoka damu. Sijui inashikwa juu au chini, na sijui mtu unaanza na jino gani. Mswaki wa mti unatafuna kwanza, ukilainika ndipo unasugua. Hii imekuja imeshatafunwa na mtu nisiyemjua.

Jumatatu, 5 Juni

Mtu hanunui kitu asichokijua kinaingiaje mdomoni. Kwa hiyo kila asubuhi natoka barazani na kikombe, najisugua mbele ya Kanyenye nzima kama mwendawazimu. Wameanza kununua. Ila wanavyozitumia! Mzee mmoja anachania ndevu. Mke wa seremala anamchania mtoto utosi. Mshona viatu amechukua mbili. Nikamuuliza ya pili ya nani, akasema moja ya viatu vyeusi, moja ya viatu vya hudhurungi. Nimewaelekeza mpaka koo limekauka.

Vijana wa shule ya misheni, hao hawakuuliza kitu. Mwalimu wao ameagiza kila mmoja awe nayo.

Ijumaa, 9 Juni

Maua ameposwa na Abasi, mshona kanzu wa Gongoni, aliyerudi vitani kule Burma akaanza na cherehani moja. Mahari tumeshapokea. Ndoa ni Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Mama yake Abasi ni Bi Nyamizi, mjane kama mimi, ila yeye ni mjane mwenye nyumba, na anajua kuliweka hilo mbele za watu bila kulitamka.

Basi nikasema nami niwe na langu. Nyumba yao ni watu saba. Nimechagua brashi saba za rangi, zile za mfupa nimeziacha kwa kuwa hazipendezi, nikazifunga kwenye leso na kuzipeleka. Jibu limekuja jioni: "Mwambieni mzazi mwenzangu, kinywa changu kimeuguzwa, kimetukanwa, lakini hakijawahi kupewa zawadi."

Nimecheka peke yangu dukani. Huenda nilimwonea.

Jumatatu, 12 Juni

Baridi. Upepo umejaza vumbi kwenye sukari.

Jumamosi, 17 Juni

Mwezi umeandama. Tumeanza kufunga. Nasugua meno asubuhi tu, kwa kuwa jua likishapinduka haipendezi kwa aliyefunga.

Jumanne, 20 Juni

Mke wa seremala amerudisha brashi. Hakunipa mkononi. Aliiweka kizingitini juu ya kipande cha karatasi, kama mtu anayetupa panya.

"Imeharibika?"

"Bi Mwanne, wewe mwenyewe unajua."

"Sijui."

"Ni singa za nguruwe. Gongoni kote wanasema. Na mwezi wenyewe ndio huu!"

Nikabaki nimeshika kibaba cha mchele, mteja ananitazama, sijui nilikuwa nampimia cha ngapi. Haijawahi kunitokea. Nguruwe? Nani kasema? Kamwonea wapi? Mimi nimeitia mdomoni kila siku, mbele za watu, nikiisifu.

Mpaka alasiri zilikuwa zimerudi tisa, nyingine zimetupwa tu barazani.

Alhamisi, 22 Juni

Nimewaza siku mbili na jibu nikaona ni moja. Brashi zikiuzwa, nani anakosa wateja? Veneranda alipotua mzigo wake nikamkuta pale pale mbele ya duka.

"Umefurahi sasa? Umenipaka nguruwe mji mzima ili watu warudi kwenye vijiti vyako!"

Watu wakasimama. Yeye akajifunga kanga upya, taratibu.

"Mwanne, mimi Krismasi nachinja nguruwe. Namla na watoto wangu, namla na padri. Ningetaka kukuharibia jina ningemtaja nguruwe wa nini? Kwangu ni kitoweo."

"Wewe unajua sisi..."

"Najua nyinyi. Na wewe unanijua mimi. Ndiyo maana nakushangaa."

Akabeba mafungu yake yote, hata yale niliyokwisha kuyachagua. Watu walicheka, ila sikujua wanamcheka nani. Maneno yake nimeyageuza upande huu na upande huu, na kila upande nayaona yana akili. Sasa kama si yeye, ni nani?

Jumapili, 25 Juni

Leo ndiyo siku ya mama wa bibi arusi kupeleka futari kwa wakwe. Tangu asubuhi niko jikoni. Uji wa mtama wenye pilipili manga, mbaazi, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoyatokosa kwa karanga mpaka yakawa laini kama mkate, na kibakuli cha asali mpya ya misitu ya Sikonge. Nikafunika kwa kawa niliyoisuka mwenyewe. Jirani yangu akalibeba sinia kichwani, akaondoka kabla ya magharibi.

Adhana ikalia. Mimi na Maua tukafungua kwa maji. Hatujamaliza uji, jirani amerudi. Sinia kichwani. Kawa juu yake vilevile, haijafunuliwa, mvuke umegeuka maji umedondoka kwenye ukili.

"Wamesemaje?"

"Bi Nyamizi anakusalimu sana. Anasema wameshiba."

Wameshiba! Watu waliofunga tangu alfajiri, adhana imelia sasa hivi, wameshiba nini? Upepo?

Hapa kwetu sinia la mkwe likirudi na kawa yake, kinachofuata kurudi ni mahari. Kila mtu anajua hilo. Na msichana aliyerudishiwa posa kwa sababu ya najisi, ni nani mwingine atakayepiga hodi? Mimi walininyang'anya nyumba nikajenga duka. Maua akinyang'anywa jina atajenga nini?

Nikaanza kusema kwa sauti, najibizana na watu ambao hawapo. Nikasema wanaogopa mkono wangu, au wanaogopa kinywa changu? Kama ni kinywa, mimi Ramadhani sionji chakula! Chumvi natia kwa macho! Jirani akaniambia, "Bi Mwanne, kaa chini, hakuna aliyesema umeonja." Kweli. Hakuna aliyesema neno lolote zaidi ya kwamba wameshiba. Ndilo linaloniumiza. Ukitukanwa unajua pa kujibu.

Maua hakulia. Alifunua kawa, akakaa, akala tobolwa moja, kisha la pili.

"Mama, ni matamu," akasema. "Wasijidanganye."

Halafu ndipo akalia.

Jumatatu, 26 Juni

Sijafungua duka.

Jumatano, 28 Juni

Brashi zilizorudi zimejaa kapu. Leo nilipokuwa napika nikashika moja ya mfupa nikaitupa kwenye jiko kwa hasira. Ikanuka kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Nikasema haya, nywele hizo, za mnyama fulani. Nikashika ya kijani nikaitupa. Mpini ukalipuka moto kama umemwagiwa petroli, ukatoa harufu ya kafuri, harufu ya kuoshea maiti. Nikaruka. Maua akanivuta gauni.

Baada ya hapo nikatumia akili. Nikachukua mkasi, nikakata singa tu, nikaziweka juu ya kigae cha moto, brashi moja baada ya nyingine. Za mfupa zilikuwa sita. Zote zikanuka nywele. Za rangi zilikuwa kumi na nne. Saba zikanuka. Saba hazikunuka kabisa. Zilijikunja, zikayeyuka, zikawa kijitone kama nta, na kilipopoa kikawa kigumu.

Nikarudia kuzitazama zile za dukani ambazo sijazichoma. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, singa zinafanana, urefu ule ule, weupe ule ule. Nimezipitisha shavuni, nimezinusa, nimezilowesha. Huwezi kujua. Kumbe kuna nywele za mnyama na kuna nywele ambazo si za mnyama wala si za mti, zimepikwa mahali fulani, na zote zimo kwenye kasha moja. Ili ujue yako ni ipi lazima uchome singa zake, na ukishazichoma huna brashi.

Sasa hesabu, na hesabu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kwa Bi Nyamizi nilipeleka saba, zote za rangi. Kila moja ni nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu mara saba. Ili zote saba ziwe za nta, sarafu ianguke kichwa mara saba mfululizo. Nafasi hiyo ni moja kati ya mia moja na ishirini na nane. Kwa maneno mengine, nimewapelekea nywele. Za nani, sijui. Ng'ombe ana nywele. Farasi ana nywele. Lakini kwamba zimo, karibu nina hakika.

Na yangu mimi? Yangu ni ya mfupa.

Ijumaa, 30 Juni

Baada ya sala nilikwenda kwa Mwalimu Saidi, anayefundisha chuo cha Kurani hapa Kanyenye. Mkewe akanikalisha uani, Mwalimu akaongea nami kutoka mlangoni. Nikamweleza yote, jiko, kigae, nta.

"Umemwona huyo nguruwe?"

"Sikumwona."

"Umemwona aliyemwona akinyolewa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi umeniletea harufu. Kitu asili yake ni safi mpaka ujue kwa yakini kwamba si safi. Unajua?"

"Sijui. Ila kwa hesabu, Mwalimu, ukirusha sarafu mara saba..."

Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Mama Maua, nimefunga, nawe unanitia kizunguzungu. Hesabu imekwambia kuna nywele. Imekwambia za nani?"

"Haikuniambia."

"Basi."

"Sasa niende nikatafute yakini wapi? Nimwandikie aliyezitengeneza?"

"Mimi nimekutuma ukaitafute?"

Maisha yangu yote nimekula kwa sababu ya kutaka kujua: bei ya kule, uzito wa hiki, nani anadanganya. Leo mtu mwenye elimu ananiambia usalama wangu uko katika kutokujua. Sikuelewa kama amenifungulia mlango au amenifukuza.

Nilipokuwa nainuka akasema, "Mwenye moyo mzito aoshe. Kinywa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Hatapungukiwa kitu."

Jumapili, 2 Julai

Vumbi. Maua hali daku. Gongoni kimya, mahari haijarudi, neno halijaja.

Jumanne, 4 Julai

Asubuhi Abasi amesimama mbele ya duka, kofia mkononi. Hajawahi kuja peke yake tangu kuposa, si desturi. Maua akakimbilia ndani, pazia likabaki linatikisika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kurudisha au umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kusema. Aliyesema habari ya nguruwe ni mimi."

Kibaba kikaniponyoka.

"Si kwa ubaya, mama. Mama yangu alinionyesha ile brashi yake nyekundu, amefurahi nayo, hata usiku anaiweka chini ya mto. Nikamwambia hizi nazijua. Kule Burma kila askari alipewa yake. Siku moja askari wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, akatuambia ni singa za nguruwe. Tukaenda kumuuliza sajini. Sajini akasema adui akitukamata hatauliza tumepiga mswaki wa nini."

"Mkaacha?"

"Tuliacha. Lakini mvua ile, mama, na chakula cha makopo, vinywa vikatuoza, na mti wa mswaki hatuufahamu kule. Tukarudia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tulipoondoka kule."

"Na hayo yote ulimwambia mama yako?"

"Nilikwisha kuyasema kabla sijamtazama usoni." Akaigeuza kofia. "Akatoka kuuliza kwa majirani kama ni kweli, na kuuliza kwa Gongoni ni kutangaza. Tangu siku hiyo hali nami sinia moja. Futari yako alipoirudisha, mimi nilikuwa nimekaa mkekani mkono uko tayari. Aliangalia mkono wangu, siyo sinia, akaona heri lirudi kuliko kula nami."

Alikuwa analia huyu, mtu mzima, aliyevuka bahari. Nikampa maji anawe uso. Nami niliyekuwa nimejiandalia matusi ya mama yake, nimeyapanga kama bidhaa rafuni, nikakosa wa kumuuzia. Nilidhani ananidharau mimi. Kumbe mimi simo. Au nimo kidogo? Sijui nimchukie nani sasa. Shemeji zangu wapo, lakini hawahusiki.

Pazia lilikuwa limeacha kutikisika. Maua alikuwa nyuma yake, anasikiliza.

Alhamisi, 6 Julai

Veneranda hakuja tena. Nikafunga duka nikaenda Ntalikwa kwa miguu, na saumu yangu. Nilimkuta anapura mtama.

"Mwangaluka," nikamsalimu kwa lugha yao.

"Leo umejifunza heshima. Unataka vijiti?"

"Nataka radhi."

Akaendelea kupura mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akanipisha kivulini, akaniuliza habari za Maua, nami nikamweleza mpaka neno la Mwalimu la kuosha kwa udongo.

"Udongo wa wapi?"

"Wowote ulio safi."

"Kanyenye kuna udongo safi? Ule mliowafugia mbuzi?" Akachukua jembe, akaenda kwenye kichuguu nyuma ya shamba, akanibomolea bonge jekundu, akalifunga kwa jani la mgomba. "Huu haujakanyagwa na mtu. Mchwa wenyewe wametema mate, lakini mchwa hawali nguruwe."

Hapo tukacheka wote. Radhi hakunipa kwa maneno. Alinisindikiza mpaka njia kuu.

Jumapili, 9 Julai

Jirani ameleta salamu kutoka Gongoni. Bi Nyamizi atakuja mwenyewe Jumanne. Hakusema kwa heri au kwa shari. Nimetoa fedha ya mahari sandukuni, nikaiweka tayari, nikairudisha sandukuni. Nikaitoa tena.

Jumanne, 11 Julai

Amekuja jua linazama. Abasi alimsindikiza, akabaki barazani. Bi Nyamizi ni mwanamke mkubwa wa umbo, na alipoingia uani nikaona amepungua. Hakukaa kwenye kiti nilichomwekea. Akakaa mkekani, akafungua pindo la kanga, akazitoa brashi zote saba.

"Nasikia ulichoma zako ukajua," akasema. "Choma na hizi."

Jiko lilikuwa linawaka, futari iko juu yake.

"Zikinuka?"

"Nitajua."

"Ukishajua utafanyaje na posa yetu?"

"Sijui, mzazi mwenzangu. Nimekuja nijue kwanza."

Maneno hayo ningeyasema mimi. Nikazitazama zile brashi. Moja kati ya mia moja na ishirini na nane. Kuzichoma ni kumvunjia mwanangu ndoa kwa mkono wangu. Kukataa ni kukiri.

Ndipo akaendelea, macho kwenye moto. "Alipokuwa vitani sikuwa nalala. Watu walikuwa wanaletewa habari za watoto wao. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Sikuomba arudi, niliona ni kuomba kingi. Niliomba, kama anakufa, kinywa chake kiweze kutamka shahada. Kila usiku. Kumbe kinywa chenyewe..."

Nikaelewa. Kwa mara ya kwanza tangu mnada ule nikaelewa kitu kimoja mpaka mwisho.

"Bi Nyamizi," nikasema, "hizi ni zangu, nilizikuta stesheni hapa Tabora. Ya Abasi ilibaki Burma. Tukizichoma zote saba tutajua za kwangu. Ya kwake hatutaijua kamwe. Unachotaka kujua hakimo kwenye jiko hili."

Akazitazama zile brashi mkekani.

"Kwa hiyo nimetembea bure?"

"Kujua hatuwezi. Kuosha tunaweza. Mwalimu amesema mara saba, moja kwa udongo. Udongo ninao, wa kichuguu. Na mimi naosha, maana yangu ilikuwa ya mfupa na niliitumia barazani mji mzima ukiangalia."

Adhana ikalia. Nikasogeza maji na tende.

"Tunafungua kwanza au tunaosha kwanza?" akauliza. "Kuchelewesha kufungua si vizuri."

"Lakini tende ikipita kwenye kinywa ambacho hakijaoshwa?"

"Basi tuoshe upesi."

"Na tukimeza maji ya kuoshea, hatutakuwa tumefungua kwayo?"

"Mwanne! Wewe ni mfanyabiashara au kadhi?"

Akamwita Abasi kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka stesheni. Akaja, akachuchumaa kati yetu bila kuuliza, kama mtoto anayeogeshwa. Nikalikoroga bonge la kichuguu kwenye bakuli. Bi Nyamizi alichota kwa kiganja chake mwenyewe, akamtia mwanawe mdomoni, akamshika kidevu. Kisha akajitia na yeye. Nami nikajitia. Udongo una ladha ya mvua na chuma. Tukawa watu wazima watatu tumevimba mashavu, tunatazamana, hakuna anayeweza kusema.

Maua akatutazama kupitia kwenye pazia. Nilimsikia anajizuia, akashindwa.

"Tema, mama! Hiyo ni moja!"

Tukatema. Tukachukua maji. "Mbili!" Tukatema. Abasi akapaliwa, Bi Nyamizi akampiga mgongo, maji yakamruka puani akamlowesha mama yake. "Tatu! Hapana, hiyo ya puani sihesabu!" Nikaanza kucheka na kinywa kimejaa, yakanitoka pembeni. Bi Nyamizi akanionyesha kidole, naye yakamtoka.

"Tano," akasema Maua.

"Sita hiyo!" akasema Abasi.

"Nne!" akasema mama yake.

Wakanigeukia mimi, ninayejua punje za mbaazi kwenye kibaba. Sikuwa na hata wazo. Nilikuwa nimepoteza hesabu tangu ya pili.

Bi Nyamizi akajifuta kidevu kwa pindo la kanga, udongo mwekundu umemkaa kwenye meno, akageukia pazia.

"Mkwe wangu," akasema, "anza tangu moja. Na safari hii usicheke."